Mkuu wa Operesheni Hana Kisu

Baba mkwe wangu alikuwa amelala chali juu ya meza ya kanisa pale Ikonge, suruali imeshuka hadi magotini, na aliyefungua pazia ni mimi. Nyuma yangu wamesimama wageni kutoka Nairobi pamoja na mkurugenzi wangu, ambaye alikuwa ndio amemaliza kuwaambia, "Na hapa nyuma ya pazia ndipo kazi yenyewe inafanyika." Mzee akainua kichwa, akaniangalia usoni, akaangalia koti nililovaa, halafu akasema polepole kama mtu aliyeuzwa na watu wake:

"Mama Nyaboke. Kumbe ni wewe utanikata?"

Kama wewe si Mkisii utacheka tu na kwenda zako, kwa hivyo wacha nikueleze. Sisi tuna chinsoni, hiyo ni heshima na haya kati ya wakwe, na mke wa mtoto hata mkono hampi baba mkwe, hata kitanda chake haoni, hata akimkuta kwa njia nyembamba anapisha. Sasa mimi nilichokiona siku hiyo hata marehemu mama mkwe, Mungu amlaze pema, sidhani alikiona mchana kweupe namna hiyo.

Jambo hili lina wenyewe, na nitawataja.

Nafanya kazi na shirika dogo pale Nyamira la kusaidia watu wenye ulemavu wa kujifunza, yaani mtu mzima kabisa lakini akili yake inashika mambo polepole, na huku kwetu mtu kama huyo mara nyingi anawekwa nyumbani afukuze kuku shambani mpaka azeeke. Niliingia hapo nikiwa mpishi. Shule niliachia katikati ya msingi, siwezi kudanganya, lakini choo kikiziba wananiita mimi, gari likikataa kuwaka wananiita mimi, na mtu wetu akipotea kwenye soko la Daraja Mbili kwa kufuata muziki wa wauza mitumba, anayeenda kumtafuta katikati ya ndizi na mboga ni mimi. Watu waliniita msimamizi na kila mtu alielewa. Halafu Onsongo, mkurugenzi, akaenda semina, na bahati mbaya akarudi na neno.

"Kuanzia leo," akaniambia, "wewe ni Mkuu wa Operesheni."

"Mkurugenzi, operesheni si ile ya hospitali?"

Akacheka kile kicheko cha watu wa semina. "Mama Nyaboke, hilo ni neno la kimataifa. Wafadhili wanalielewa."

Wafadhili wanalielewa. Sasa wafadhili wanaishi Ikonge? Lakini nililichukua hilo jina, maana mtu wa elimu yangu akibishana juu ya maneno anaambiwa arudi jikoni.

Wakati huo tulikuwa tunataka kufungua kituo cha pili, na tuliomba kiwe Ikonge. Wafadhili walisema watakuja wenyewe kuona kama kuna familia zenye watu wa kuletwa, na wasipoziona, kituo kinapelekwa kaunti nyingine. Na mimi Ikonge nilikuwa na mtu wangu. Anaitwa Moraa, ni dada ya mume wangu, mwanamke mzima, anachuma majani ya chai haraka kuliko mimi, na ukimsimulia hadithi anacheka kabla hujamaliza kwa sababu ameshajua mwisho (na mara nyingi anaujua kweli). Tangu mama yake azikwe, Moraa hatoki nje ya boma. Mzee anaogopa watu watamcheka. Nilimbembeleza mzee kwa muda mrefu kupitia mume wangu, kwa sababu mimi siwezi kumbishia mkwe uso kwa uso, na mwishowe akatoa neno: Nyamira hapana, ni mbali, lakini kituo kikiwa hapa Ikonge, Moraa ataenda. Yaani siku hiyo kwangu ilikuwa ya Moraa. Wengine wote nilikuwa nawapenda, lakini ilikuwa ya Moraa.

Sasa ingia Ombati. Ombati ana gari, Probox yenye spika juu, anatangaza mazishi, mkutano wa injili, sumu ya panya, chochote. Onsongo akampa tangazo: Mkuu wa Operesheni atakutana na familia za watu wenye shida ya kujifunza. Ombati ikabidi aliseme kwa Ekegusii, lugha yetu, akatafuta neno la operesheni akakosa, akaliacha vile lilivyo, halafu akaona tangazo limekauka, akaongeza chumvi ya kichwa chake. Alichotangaza kutoka asubuhi hadi jioni ni hiki: "Mwenye shida ya kichwa aletwe kanisani. Mkuu wa operesheni atakuwepo yeye mwenyewe. Operesheni ni bure."

Baadaye nilimuuliza, "Ombati, hiyo bure uliitoa wapi?"

"Mama, tangazo bila bure nani atatoka nyumbani?"

Basi Ikonge ikagawanyika. Wale waliodhani operesheni ni ya polisi wakamwaga pombe yao ya chang'aa mtoni na kufunga maduka. Wale wenye watoto kama Moraa wakasikia vichwa vitafunguliwa, wakawaficha. Na wale wenye goita, henia, vivimbe na meno ya miaka mingi wakaoga, wakakaa njaa tangu jana yake (kila mtu anajua hauli kabla ya kupasuliwa), wakaja.

Mimi nikafika bila kujua lolote. Pikipiki ilikuwa imenimwagia matope kifuani mpaka shingoni, na nikatafuta duka ninunue hata leso nikakuta sokoni pamefungwa kama siku ya matanga. Aliyekuwa wazi ni muuza nyama peke yake. Akanihurumia, akanipa koti lake jeupe, "Vaa hii mama, nimeivaa jana tu." Kwa mfuko kulikuwa na damu kidogo. Nikasema heri damu ya ng'ombe kuliko matope mbele ya wageni, nikafunga vifungo nikaingia kanisani, na watu wote wakasimama.

Nilifurahi. Nilidhani ni heshima.

Mlangoni nilikuwa nimemtanguliza Makori, mmoja wa watu wetu wa Nyamira, mwanamume wa makamo anayependa kazi ifuatwe kama ilivyopangwa, na sakafu ilikuwa imepigwa deki, kwa hivyo alikuwa anaambia kila anayeingia avue viatu. Nyanya mmoja akamuuliza, "Na nguo?"

Makori akafikiria. "Nguo baki nayo." Akamwangalia tena. "Lakini sweta toa. Kuna joto."

Nikatazama viti. Wazee, wamama, mtu ameshika shavu. Hakuna hata mmoja wa watu tuliokuja kuwatafuta. Nikamkaribia mama wa mbele. "Mama, mtoto uko naye?"

"Mtoto nimemficha. Kichwa chake wacha kikae vile Mungu alikiweka. Mimi nimeleta goita." Akanyoosha shingo.

Hapo ndipo nilielewa, na nilipoelewa nikatoka nje mbio kumtafuta Ombati, nikaacha ukumbi mikononi mwa Makori. Huku nyuma baba mkwe wangu akafika. Yeye Moraa amemfungia ndani, hataki mtu aguse kichwa cha mtoto wake, lakini henia yake aliona haina haja ya kupoteza nafasi. Hakujua Mkuu ni mimi, maana hakuna mahali walitaja jina langu. Makori akamwona anatetemeka kwa njaa, akamwonea huruma, akampeleka nyuma ya pazia tulilotundika ili familia ziongee bila kusikizwa, akamwambia, "Lala hapo, mama anakuja."

Mzee akalala. Na kwa vile ni mtu asiyependa kuchelewesha daktari, akajitayarisha.

Ombati sikumpata. Nikageuka nikakuta gari la wageni limeingia, na Onsongo anashuka anaona kanisa limejaa, uso wake umeng'aa kama sufuria mpya. "Mkuu," akaniita kwa sauti ya wageni, "hebu tuonyeshe." Nikamvuta mkono, nikamnong'oneza, "Mkurugenzi, ngoja, kuna shida." Akasema kwa meno yaliyofungwa, "Shida baadaye," na akawaongoza hadi pale. Nikavuta pazia. Mengine mnajua.

Mzee aliruka chini na pazia akalibeba, akajifunga nalo kiunoni, akapita katikati ya watu. Mgeni mmoja akauliza hiyo ni huduma gani. Onsongo akamjibu, bila haya, "Ni huduma shirikishi." Nje mtu akasema mzee amekatwa na bado anatembea, mwingine akasema hapana, amekatwa vibaya, na ukumbi wote ukamwagika kwenye mashamba ya chai, wengine peku.

Wageni walisema watarudi mara moja tu. Wakikuta tena hakuna familia, basi. Na mzee alituma neno kupitia mume wangu: nisikanyage bomani kwake, na Moraa hataenda mahali popote ninapofanya kazi mimi. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema chinsoni ikivunjwa bila kukusudia inatengenezwa, lakini lazima aliyeleta jambo aje aliseme mwenyewe mbele ya mzee. Nikampelekea Onsongo habari hiyo. Akaniambia shirika limejifunza kutokana na changamoto hiyo. Ombati naye anasema yeye alitafsiri tu.

Tangu siku hiyo mtu akiniita Mkuu siitiki, na koti jeupe hata nikiwa uchi sivai tena. Lakini juzi mume wangu alitoka kwao akaniambia amemkuta Moraa ameketi langoni, amepaka mafuta, amevaa viatu, na alipomuuliza anangoja nini alisema gari la shule, maana kituo chetu yeye anakiita shule.

Kwa hivyo Onsongo, nakuuliza mbele ya watu. Panda uende Ikonge, ukae mbele ya yule mzee na hilo neno lako la kimataifa, umwambie lilikuwa lako wala si langu. Na wewe Ombati, rudi na spika zako kila njia uliyopita, useme kwa Ekegusii kwamba hakuna kichwa cha mtu kitaguswa. Mimi lango hilo nimefungiwa, nyinyi hamjafungiwa, na wageni wanarudi. Nani kati yenu anaenda kumwambia Moraa gari liko wapi?