Mchoraji wa Vibao na Mlinganyo wa Ukutani

Mchoraji wa vibao wa mtaa wetu wa Kabondo hulamba ncha ya brashi kabla ya kila herufi, na akiimaliza huisifu kwa sauti ya chini: "Bon." Kucha zake zina rangi za saluni na makanisa yote ya mtaa. Nilimwomba achore kwenye ukuta wa darasa langu la fizikia ule mlinganyo mrefu unaoeleza chembe zote za ulimwengu. Alichora siku tatu bila kuuliza kitu, akipuliza kila alama kama mtu anayepoza chai. Siku ya nne, akiwa juu kabisa ya ngazi akikoleza rangi ya mstari wa kwanza, aligeuka.

"Prof, hii maneno iko inaeleza vitu yote?"

"Karibu vyote, papa. Nguvu inayofanya vitu vianguke haimo. Bado hakuna aliyejua kuiingiza."

Akatazama chini, akaikumbatia ngazi. "Alors, wakubwa wenu hawajue juu ya nini mutu anaanguka, na mulinituma huku juu?"

Alishuka kidato kwa kidato, akakataa kupanda tena. Kisha akachukua rangi nyekundu, na mwishoni mwa mlinganyo, mahali mkono wake ulipofika akiwa amesimama sakafuni, akaandika: + ANGALISHO, WATU WANAANGUKA. Kwenye mtihani wa mlinganyo huo, wanafunzi wote waliandika na maneno hayo mekundu. Niliwapa pointi.