Doa kwenye Unyayo wa Fundi

Fundi cherehani alikuja kwenye kituo chetu cha afya Muyinga kwa sababu ya kikohozi. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mwenye kibanda karibu na soko, na ndiye aliyenishonea koti langu la uuguzi nilipoanza kazi. Mimi nimekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, hivyo kila nikifungua kinywa alicheka kwamba naongea kama redio.

Nilisikiliza kifua, nikatazama macho, ulimi, kucha. Kisha, kwa kuwa siku hiyo foleni ilikuwa fupi, nikamwomba avue viatu.

"We, mwanangu, kikohozi iko kwa miguu?"

Karibu na kisigino cha kulia palikuwa na doa jeusi, pana kama kifuniko cha soda, kingo zake zimepinda ovyo. Halikuwa na rangi moja: hapa jeusi, pale kahawia, upande mmoja linaelekea buluu. Katikati palikuwa pakitoa majimaji. Nikamwomba ruhusa, nikapapasa kinena chake. Vidole vikakutana na tezi tatu, ngumu kama kokoto. Nilipozibonyeza hakushtuka.

"Limeanza lini?"

"Mwaka jana, ao mbele ya hapo. Nilifikiri ni pedali ya machine inanichubua. Haiumi, bon, nikaacha."

Mwaka jana nilikuwa nimemtibu malaria, mimi mwenyewe, kwenye kiti kilekile. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Nilimtoboa kidole, nikampa dawa, akaondoka na viatu vyake miguuni.

Doa kama lile nililiona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi Gitega. Mwalimu alituonyesha bila kusema kitu, akatutoa nje, ndipo akataja saratani.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza hospitali ya Gitega. Daktari alimlaza, akabonyeza tumbo, mkono wake ukasimama chini ya mbavu za kulia. Akanieleza kwa Kifaransa, kirefu, kwamba ini limeshavamiwa na hata kuukata mguu hakutasaidia.

"Anasema nini?" mzee akaniuliza.

"Anasema upumzike."

Akanitazama. "Maneno yote ile, na we unanipa moja tu?"

Nikamwambia. Nilitafuta maneno laini nikayakosa, nikayasema yaliyokuwapo. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kuendelea kushona, nikasema ndiyo, kwa sababu hilo nililijua.

Kila Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, nilipita kwake kusafisha kidonda. Kilizidi kupanuka. Nilikuwa na pamba, maji ya chumvi na vidonge vya maumivu ambavyo mwishoni havikumfikisha hata adhuhuri. Mkewe alisimama mlangoni akiangalia mikono yangu, na mimi nikiifanya ionekane ina kazi. Siku moja aliniuliza, "Hiyo dawa unapaka, inaponya?"

"Inasafisha, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchemsha maji mengine.

Mzee alifariki Jumanne asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Nilikuwa zamu, nikachelewa mazishi. Nilipofika, wanaume walikuwa wakitoka makaburini wakijipangusa udongo mikononi, na mmoja wao akanishukuru kwa yote niliyofanya.