Mzee Obadia na Watu Aliowasemea kwa Mungu

Mungu, kama alitaka habari za vilima vya Kibakwe, hakuwa na haja ya kushuka. Alikuwa na Mzee Obadia. Kwa miaka thelathini na mmoja katekista huyu alimpelekea taarifa kila jioni kabla ugali haujapoa: nani kalewa, nani kaacha mbuzi waingie shamba la jirani, mtoto gani kamjibu mkubwa vibaya. Yote hayo kwa unyenyekevu, macho yamefumbwa, kofia mkononi. "Bwana, mwone Sila, leo ameona kuni ni nzito kuliko mpira." Sila, mwanawe wa kwanza, alizidi kuinamisha kichwa, na kesho yake kuni zililetwa.

Obadia hakuwahi kumpiga mtoto, na hilo alijivunia. Fimbo aliiona ni ya watu wasiojua kuomba. Tena tusimnyime haki yake. Aliwafundisha wengi kusali, aliwazika wasio na ndugu, alitembea na mvua kwenda kwa wagonjwa. Ila alikuwa na kidonda kimoja. Binti yake Erica, tangu akiwa na miaka kumi na minne, hakusali tena mbele yake. Kanisani alikwenda na kuimba aliimba, lakini ikifika sala ya nyumbani alikaa kimya, macho wazi, akitazama ukuta. Sasa ana miaka thelathini na sita, ni muuguzi, anakaa Miyuji mjini Dodoma, na Obadia akiutazama utumishi wake wote anaona tundu hapo tu. Alitaka kumsikia mwanawe akiomba, walau mara moja kabla hajafa.

Mwaka huu alikuja Dodoma kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwa Erica wiki mbili. Nafasi ndiyo hii, akajisemea. Kwa kuwa mama mtu alikuwa haingiliki, akaanza na mjukuu, Penina wa miaka saba. Akamfundisha kuombea chakula, na mtoto akashika upesi, pengine upesi mno.

Jumapili, mlenda ukiwa mezani, Penina akafumba macho. "Mungu, asante kwa chakula. Sasa mwone mama. Jana alisema atanipeleka Majengo kununua viatu, hakunipeleka, akasema amechoka, kumbe alikuwa anaangalia simu. Mwambie aache uongo. Amina."

Obadia nusura acheke kwa fahari. Sauti ile, hata kile kikohozi kidogo kabla ya amina, vilikuwa vyake mwenyewe. Lakini Erica alirudisha tonge kwenye sahani.

"Penina, kanawe mikono."

"Nimeshanawa, mama."

"Kanawe tena."

Mtoto alipotoka, Erica akamgeukia baba yake. "Baba, unazikumbuka zile mbegu za karanga?"

Hakuzikumbuka. Erica akamkumbusha, wala hakupandisha sauti. Mwaka ule, Erica akiwa na miaka kumi na minne, mvua zilichelewa, na mbegu zilizowekwa kwa ajili ya kupanda zikapotea kwenye debe. Jioni ile walikuwa na wageni, mchungaji na mkewe. Obadia hakumuuliza mtu. Alifumba macho tu, akasema, Bwana, msamehe Erica wizi wake.

"Sikuzichukua, baba. Mpaka leo sijui nani alizichukua. Lakini ningejibuje? Wewe hukuwa unaongea na mimi. Ukasema amina, mama akaitika, wageni wakaitika. Na mimi nikaitika."

Obadia alitaka kusema kwamba alikuwa anamwombea. Badala yake akala matonge mawili, akashukuru, akaenda kukaa uani.

Siku tatu alikaa huko akizipitia sala zake, na kila aliyoishika alikuta ndani yake kuna mtu asiyeweza kujibu. Alimkumbuka marehemu mkewe Anyesi, aliyesemewa kwa Mungu hata kwa chumvi ya mboga, akaitika amina, akaenda kuongeza maji. Aibu ilimshika mzee wa watu hadi chai ikamshinda.

Siku ya kuondoka, bajaji ilikuwa nje, na basi la Kibakwe lilikuwa la saa nne. Mtu hafungi safari bila sala, kwa hiyo walisimama sebuleni. Obadia akavua kofia, akaiweka kando. Akakaa chini, macho wazi, akimtazama binti yake.

"Erica, leo sisemi na Mungu, nasema na wewe. Nilikusingizia, tena mbele ya watu, tena nikajificha nyuma ya Mungu. Nisamehe, mwanangu. Na lile jibu ulilokosa pa kulitolea, kama bado unalo, nipe sasa. Sitakukatiza."

Erica akamtuma Penina akamwambie dereva wa bajaji aende zake. Kisha akasema. Alianza na karanga, akapita kwenye mengi ambayo Obadia hakuyajua, hadi akafika kwenye miaka aliyoamini kwamba Mungu naye alishakubali kuwa yeye ni mwizi, kwa sababu baba ndiye aliyemwambia. Mara mbili Obadia alifungua kinywa ajitetee, mara mbili akakifunga. Mtu aliyezoea kusikilizwa, kusikiliza kulimtoa jasho. Basi la saa nne liliondoka bila yeye.

Alipomaliza, Erica alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Sasa tuombe, baba."

Obadia akainuka kwa mazoea, akitafuta kofia ya kushika.

"Kaa tu," Erica akamwambia. "Naomba mimi."

Akafumba macho. Mzee naye akafumba. Alijua zamu yake ya kusemewa imefika, na safari hii mwenye makosa ni yeye kweli.

"Mungu," Erica akaanza. "Mimi sikuziiba zile karanga."

Akanyamaza hapo, akilia.

"Amina," Obadia akaitika, ingawa sala ilikuwa haijaisha.