Msichana wa Ukutani kwa Kina Safari

Enzi zetu, yaani miaka saba iliyopita tukiwa darasa la tatu, mtoto wa Karatu alijua kucheza. Si hawa wa sasa, ukimnyang'anya simu analala chali kama mende. Sisi tulikuwa na gololi, matairi mabovu na tope jekundu lililofanya soksi za shule zisahau kwamba ziliwahi kuwa nyeupe. Na mimi nilikuwa na kopo la Bibi.

Bibi alikaa kambi ya vibarua kwenye shamba la kahawa, na chini ya kitanda chake kulikuwa na kopo la biskuti lisilo na biskuti. Hilo nilihakikisha mapema. Ndani zilikuwa picha za zamani. Baba yake, mtu wa Singida, alikuwa mpishi wa familia ya Kiyahudi iliyokimbia Ujerumani Wanazi walipoanza kuwatesa. Walipohama Karatu walimwachia kopo, wakasema watalifuata.

"Mali ya watu hiyo," Bibi alikuwa akisema, "isiguswe hata na panya."

Panya walitii.

Picha niliyoipenda ilionyesha msichana mbele ya duka. Kioo kimechorwa nyota kubwa, mlangoni kasimama askari. Mimi na rafiki yangu Safari tukakubaliana hao ni matajiri: duka lina mlinzi, tena limepakwa tangazo, kama kampuni za simu zinavyopaka rangi maduka ya kwetu mjini. Safari akanipa gololi kumi na mbili, nikampa picha. Biashara safi.

Jumamosi moja mjomba, anayetembeza watalii Ngorongoro, akaleta mgeni asiyetaka hata kuona tembo. Mama mtu mzima, anaitwa Ruti, mjukuu wa ile familia. Bibi akamkabidhi kopo kwa mikono miwili. Mama Ruti akapitia picha moja moja, akarudia, akauliza kitu. Mjomba akatafsiri:

"Anaulizia ya msichana mbele ya duka. Ni dada wa bibi yake. Yeye alibaki kule, Wanazi wakamuua. Picha yake nyingine haipo."

Akaeleza na nyota. Wanazi ndio walioichora, watu wajue duka ni la Wayahudi wasinunue. Yule askari hakuwa akilinda kitu. Alikuwa akifukuza wateja.

Gololi zikanilemea mfukoni.

"We mtoto," Bibi akasema, "mbona unatoka jasho na baridi yote hii?"

Nikasema ukweli, tena haraka, na fimbo nikala vilevile.

Tukapanda gari hadi Mbulumbulu, kwa kina Safari. Enzi hizo kuta za udongo zilibandikwa magazeti kwa uji wa ngano, vumbi lisidondoke. Msichana wetu alikuwa kati ya kalenda na tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ameganda! Mjomba akajaribu kwa ukucha, kona ikaanza kuchanika, Mama Ruti akapiga ukelele.

Mama Safari akaweka chini ungo wa maharage. "Basi mchukueni na ukuta wake."

"Mama, si chumba changu hiki!"

"Wewe wakati unabandika uliniuliza?"

Akashika panga, akakata udongo kuzunguka picha, polepole kama anayekata keki ya harusi. Likatoka pande zima, ukubwa wa tofali. Mama Ruti akalipokea kwa khanga, akalipakata kama kichanga, analia huku anacheka.

"Mwambie kwamba baba yangu alitunza," Bibi akamwagiza mjomba. "Aliyeharibu ndiye huyu hapa."

Gololi nilizirudisha zote. Safari akadai na fidia ya ukuta.

Siku hizi watoto wana picha elfu moja za chipsi kwenye simu. Simu ikidumbukia ndooni, ukoo mzima umezama. Nyumba nayo wameipiga plasta, ila Mama Safari alikataza lile tundu lisiguswe. Limezibwa udongo wa rangi nyingine tangu siku ile. Nikienda likizo tunalala chumba hicho, na wadogo zake Safari huuliza yule msichana alihama lini.

Tunawaambia hakuhama. Alifuatwa na mjukuu wake.