Kuku Niliyekataa Kumtoa

Mwanangu, tangu turudi msibani nakusikia ukiuliza nani kamuua mjomba wako. Hebu kaa nikwambie, maana swali hilo hilo liliulizwa siku tuliyomzika mume wangu, Simeoni, kule Isansa, kijiji chetu cha Kinyiha. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mimi ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa mtoto wangu wa pili.

Simeoni alikufa kwa kichomi. Alinyeshewa akipalilia kahawa, akakohoa wiki nzima, akaondoka. Asubuhi tulimzika kwa nyimbo za ufufuo, watu wakaimba mpaka nikapata nguvu ya kusimama. Mchana, hata udongo haujatutoka mikononi, baba mkwe akatuita uani. Kila nyumba itoe kuku. Kuku watanyweshwa dawa, na yule ambaye kuku wake atakufa ndiye mchawi aliyemuua. Ndivyo walivyozoea. Na aliyetangulia kuleta jogoo wake ni mzee wa kanisa, yule yule aliyetuongoza kuimba. Nilikasirika, sikufichi. Hata leo nikimkumbuka na jogoo wake kwapani, damu inanichemka.

Kila mtu alijua nyumba gani inatafutwa. Bibi Nambeye, jirani yetu, mjane asiye na mtoto, ndiye aliyempikia Simeoni uji wake wa mwisho. Angefukuzwa na nyumba yake ingechomwa, na kwa umri ule angekwenda wapi? Alisimama mlangoni pake na kuku wake wa pekee.

Kwetu mkamwana hata kumtazama baba mkwe usoni hathubutu. Siku hiyo nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Baba, mimi sitoi kuku."

"Anayekataa ndiye anayejua alichofanya," akasema.

"Asubuhi tumeimba kwamba Simeoni atafufuka. Kama tulikuwa tunadanganya, semeni nijue. Kama ni kweli, basi mume wangu yuko kwa mwenyewe, Mungu aliyemuumba, na mwenyewe atamwamsha. Sasa mnamtafuta mwizi wa nini?"

"Kumbe wewe humlilii mwanangu."

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, nikalia sana. Lakini nikamwambia, "Namlilia kuliko nyote hapa. Sitamlilia kwa kumwangamiza bibi huyu." Nikamshika bibi Nambeye mkono, yeye na kuku wake, nikamwingiza nyumbani kwangu. Nikawaambia wanaotaka kuchoma, wachome na wajukuu wao humo ndani.

Hawakuchoma. Walinitenga tu. Kwa misimu kadhaa hakuna aliyekuja kunisaidia kuchuma kahawa, wala hakuna jirani aliyenipa hata kaa la moto. Bibi Nambeye alinilelea watoto, akawafundisha kusema asante kwa Kinyiha kizuri kuliko changu, tukazeeka naye kidogo kidogo. Alipokufa, hakuna aliyetaka kumpa mahali pa kulala. Nikachimbisha kaburi ubavuni mwa Simeoni.

Baba mkwe alikuja na fimbo yake. "Unamlaza mchawi karibu na mwanangu?"

"Parapanda ikilia wataamka pamoja, baba. Kama bibi alimuua, mwanao atasema mwenyewe."

Akatazama kaburi, akanitazama mimi, akakaa chini kando ya udongo uliochimbwa. Akabaki nasi mpaka tulipomaliza kuzika.

Basi, mwanangu, lia. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, wewe nani usilie? Ila usiende kwa mganga, na usimnyooshee mtu kidole kwa sababu tu amebaki hai. Kifo kimekwisha kushindwa, usikubali kikutume kazi zake. Ukiimba ufufuo makaburini, rudi nao nyumbani, uuishi na majirani zako, hata wakikutenga. Mungu akupe machozi ya kutosha na shingo ngumu ya kukataa ubaya. Na siku tutakapoitwa kwa majina yetu, akuinue ukiwa huogopi kumtazama usoni yeyote aliyelala jirani yako.