Jumapili ya Skrini Mbili

Muzamil alikuwa fundi umeme mwoga, na hakuona haya kulisema. Ujanani, huko Mugumu alikozaliwa, umeme ulimtupa kutoka juu ya ngazi hadi kwenye karai la zege, na tangu siku hiyo hakushika waya bila kuupima mara tatu. "Umeme hauna ndugu," aliwaambia wateja, nao walimcheka. Lakini rashi ya dhahabu ilipofika Kerende, watu wakachimba mpaka nyuma ya vyoo vyao, huyo huyo mwoga ndiye aliyeitwa kuvuta umeme kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Duara refu halichimbwi bila feni ya kusukuma hewa chini kwa mpira, na hakuna anayetaka feni yake ifungwe na fundi jasiri.

Alikuja kwa wiki mbili, akakaa miaka kumi na moja. Alimwoa Wegesa, binti wa Wasabato wa pale pale, baada ya wazee wa pande mbili kuvutana kuhusu dini mpaka wakachoka wenyewe, na Mungu akawapa Kauthar. Kaka yake Wegesa, Hezekia, alikuwa na duara nyuma ya shamba la mihogo. Feni ya duara lile aliifunga Muzamil kwa mikono yake, na Hezekia alizoea kusema kwamba pumzi yake ameiweka kwa shemeji.

Sasa, kila mwoga ana kitu kimoja asichokiogopa, na hicho ndicho humponza. Muzamil alipenda mashine kubwa. Mwaka ule Mniko, aliyepata dhahabu hata ndugu wasiomjua wakaanza kumtembelea, alileta kutoka Mwanza skrini ya inchi themanini na tano, imefungwa kwa magodoro kama mgonjwa. Haikupita mlangoni, akabomoa ukuta wa banda lake la video. Pamoja nayo alinunua kompyuta ambayo muuzaji alimwapia kwamba hakuna ya kuishinda kuanzia Sirari hadi Musoma. Maneno hayo yalimchoma Werema, mwenye duka la kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Skrini ya Werema ilipungua inchi kumi, lakini kompyuta yake aliiunda mwenyewe, kifaa kimoja kimoja. Ilikuwa na ubavu wa kioo, feni saba zenye taa, na kadi ya picha nzito kama tofali.

Kijiwe cha chai kikagawanyika. Wanaume ambao mwaka uliotangulia walibishana kuhusu madume ya ng'ombe, sasa walibishana kuhusu ramu, inchi, na picha ngapi zinapita kwa sekunde moja. Wengine hawakujua hata pa kuiwashia kompyuta, lakini ubishi hauhitaji cheti. Mwishowe wakakubaliana kwamba mashine zote mbili zipelekwe banda la Mniko siku ya Jumapili, zicheze mchezo mmoja wa mpira, na itakayokwama kwanza imeshindwa. Muzamil angefunga umeme na kuwa mwamuzi. Alikubali kabla hawajamaliza kumwomba.

Shida ilikuwa umeme wenyewe. Laini ya banda na laini ya duara la Hezekia zilitoka kwenye boksi moja, nyuma ya banda, na boksi lile halikuweza kubeba skrini mbili, kompyuta mbili na spika, halafu libebe na feni ya duara. Muzamil alikuna kichwa kidogo tu. Jumapili watu wako kanisani, alijiambia, duara limelala. Siku yenyewe, saa nane hivi, akashusha swichi ya duara.

Halafu akaanza kuogopa, kama kawaida yake. Aliogopa moto, akaweka ndoo tatu za mchanga. Aliogopa mvua, akaogopa watoto kukanyaga nyaya. Aliogopa kila kitu isipokuwa kile alichotakiwa kuogopa. Wasabato husali Jumamosi, na Jumapili hushika nyundo. Mtu aliyeoa nyumba ya Kisabato, aliyekula kiporo kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, hakuwa na haja ya kukumbushwa hilo. Lakini moyo wake siku hiyo ulikuwa ndani ya kile kioo cha Werema.

Saa tisa alasiri banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta uliobomolewa. Wachezaji walionekana wakubwa kuliko watu, hata jasho la shingoni ungeweza kulifuta. Mashabiki wa inchi walipiga kelele, mashabiki wa kadi wakawajibu. Mbele kabisa alikaa Nashoni, anayeshika kamba ya kushushia na kutolea watu kwenye duara la Hezekia, mdomo wazi. Muzamil alimwona, na hakujiuliza kitu.

Ndipo Wegesa akaingia na bakuli la ugali lililofunikwa kwa kitambaa. Alipenya mpaka kwa mumewe, akamwinamia sikioni.

"Baba Kauthar, nimempelekea kaka chakula. Kwenye kamba hakuna mtu. Nimemwita, haitiki. Na ile feni imenyamaza."

Muzamil aliiona akilini swichi aliyoishusha, akahesabu saa nzima na zaidi, na hofu ikamshika, hofu ambayo ngazi ya Mugumu haikuwahi kumpa. Angepandisha swichi ya duara wakati mashine zinawaka, boksi lote lingekata. Kwa hiyo aliurukia waya mkubwa uliolisha mashine zote, akauchomoa.

Skrini zote mbili zikafa. Banda zima likasimama kwa hasira, na Mniko akamkamata shati. "Mura, umefanya nini?"

"Hezekia yuko chini," Muzamil alisema. "Hana hewa."

Nashoni ndiye aliyetangulia kukimbia. Muzamil alipita nyuma, akapandisha swichi, akawafuata. Feni ilikuwa imeanza kuzunguka, na vijana wanne walikuwa tayari wameshika kamba washuke. Ikabidi awazuie. Hewa kwanza, kamba baadaye. Anayeshuka kwenye duara lililokufa hewa huongeza maiti tu. Aliwaambia wasubiri dakika kumi, na Wegesa, aliyekuwa amepiga magoti ukingoni akiita jina la kaka yake, alimgeukia mumewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Muzamil alimpa mtu mwingine simu ahesabu. Hakuna dakika aliyowahi kuiogopa kama zile kumi, kwa sababu kila moja aliiagiza yeye.

Nashoni akashuka na kamba kiunoni. Kamba ililegea, ikatulia muda mrefu, kisha ikavutwa mara mbili. Walimtoa Hezekia amelegea, midomo imebadilika rangi, wakauvuta juu mpira wa hewa, wakamlaza kwenye upepo wake. Alikohoa. Akatapika. Kisha akafumbua macho, na wanawake wakaanza kulia kwa sauti.

Sifa zikaanza pale pale. Watu walisema umeme wa duara ulikatika wenyewe, kama kawaida yake, na kwamba bila akili ya fundi leo kungekuwa na msiba. Mniko alimpiga Muzamil begani, akaomba radhi kwa ajili ya shati. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Aliogopa kusema, akaogopa zaidi kulala nyumba moja na Wegesa bila kusema.

"Umeme haukukatika," alisema. "Mimi nilizima. Nilifikiri hakuna aliyeshuka."

Hezekia aliinua kichwa kutoka mapajani mwa dada yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na haikuwa na hasira.

"Asubuhi nilipita pale bandani, shemeji. Ulikuwa umeiinamia ile kompyuta ya Werema. Nikakwambia nashuka. Ukaniambia, 'Haya, Mungu akutangulie.'"

Wegesa alimtazama mumewe, akingoja akatae. Muzamil aliirudia asubuhi ile tangu mwanzo. Aliweza kukumbuka kila skrubu aliyoikaza. Sauti ya shemeji yake hakuikumbuka kabisa.