Matanga Ng'ambo ya Barabara

Deshorn Pinnock alijifunza kazi yake matangani. Waliokuja kumjua kwa jina la Pinno, wakamwona jukwaani kofia imemfunika nyusi, walidhani mistari aliiokota mtaani. Mtaani aliokota mengine. Mistari alipewa na bibi yake Icilda, mama wa Kijamaika mwenye nyumba ya matofali mekundu Handsworth, mjini Birmingham, na mdomo usioogopa mtu.

Bibi ndiye aliyemlea. Baba mtu alichomwa kisu Deshorn angali mdogo, na mama mtu aliondoka na begi moja akisema atarudi Jumapili. Bibi hakumsema vibaya hata siku moja, ila kila Jumapili alipika wali na maharage ya kumtosha mtu mmoja zaidi.

Kwa Wajamaika wa Handsworth, mtu haagwi kwa maziko peke yake. Kuna usiku wa tisa baada ya kifo. Nyumba inafurika, samaki wanakaangwa, ramu inamiminwa, wazee wanabamiza dhumna mezani, na tenzi zinaimbwa mpaka majirani wanaacha kulalamika na kuja kula. Vitabu havitoshi, kwa hiyo mmoja mwenye kitabu hutoa mstari upesi upesi, na nyumba nzima huuitikia kwa kuuvuta taratibu. Mtoaji wa mtaa mzima alikuwa Bi Icilda. Macho yake yalipoanza kufifia, akampandisha mjukuu wake juu ya kiti.

"Wee, unakimbilia wapi?" alimkaripia siku ya kwanza. "Marehemu haendi popote. Sema, watu wasikie."

Ufundi huo ulimfikisha mbali. Kabla ya hapo mtaa ulimshinda. Alibeba kisu kwa sababu aliwaona wenzake wasiobeba wakizikwa, na alifungwa kwa sababu alikibeba. Alipotoka aliimba wimbo juu ya baba yake, redio zikaudaka, na kumbi za Manchester na London zikawa zinajaa vijana wanaojua kila neno. Kisha ukaja ugomvi mmoja wa kijinga nje ya duka la kuku, ngumi mbili tatu, na jela tena. Safari hii hakimu alimwongezea lingine: akitoka, miaka mitatu asikanyage Handsworth, maana nyimbo zake zinachochea vijana. Akapangishiwa chumba mji jirani wa Coventry na kufungwa mguuni kifaa cha kuonyesha aliko. Akawa rapa wa mtaa asioruhusiwa kuuingia, na wakubwa hawakuona chochote cha ajabu.

Bibi alikuwa akimfuata huko kwa treni, samaki wamefungwa kwenye karatasi ya foili, mpaka kifua kikakataa. Mara ya mwisho walionana hospitali.

"Usiku wangu wa tisa utatoa mistari wewe," alimwambia. "Sitaki Clovis. Binamu yako yule anaimba kama anaita teksi."

Deshorn akacheka huku anafuta macho. "Sawa, Bibi."

"Na jela usirudi. Nimechoka kupapaswa mlangoni na visichana kila nikija kukuona."

"Sirudi, Bibi."

Alikubali yote mawili, na alikusudia yote mawili.

Bibi alipofariki, wakili wa Deshorn alimuuliza kama waombe ruhusa ya kuingia Handsworth siku ya maziko. Deshorn alikuwa analia kwenye simu. Akasema ndiyo, maziko. Hakimu akatoa mchana mmoja. Siku mbili baadaye ndipo alipokumbuka usiku wa tisa, yeye, mtoto aliyekulia matangani! Wakaomba tena. Jibu likaja kwamba mkusanyiko wenye pombe na muziki si maziko.

Basi usiku wa tisa ulipofika, jioni ya Juni jua bado liko juu, alisimama kwenye kituo cha basi kuikabili nyumba ya Bibi. Mpaka wa amri ya hakimu ulipita katikati ya barabara. Nyumba ilikuwa upande wa pili. Walikwishajaribu simu: Shangazi Verna aliiweka mezani kwa sauti kubwa, lakini maneno ya Deshorn yalichelewa, yakaingiliana na waitikiaji, mpaka Bi Merdella, shoga wa marehemu, akafyonya. "Zimeni hicho kitu! Icilda haagwi na simu." Wakafungua madirisha yote.

Shangazi Verna akavuka, aproni yake inanuka samaki.

"Njoo ndani, mwanangu. Ni barabara tu hii. Nani atakuona?"

"Hiki cha mguuni kitaniona, Shangazi."

"Si polisi watakuja kesho? Leo utakuwa umeshamuaga."

"Alinikataza jela."

"Na mistari alikuambia utoe."

"Najua." Akashuka ukingoni mwa njia, akarudi nyuma. "Najua, Shangazi. Waambie wanyamaze, nitoe kutoka hapa."

Shangazi alimshika shavu, akarudi mwenyewe. Deshorn akavua kofia, akatoa mstari wa kwanza kwa sauti iliyowahi kutikisa ukumbi mzima. Basi likapita, likaumeza. Akaurudia. Dirishani Bi Merdella alitega mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa. Likaja lori, kisha pikipiki zinazofukuzana. Mara ya tatu barabara ilikuwa nyeupe, kimya kabisa, na sauti ndiyo ikamkatikia kooni. Alijitahidi. Haikutoka. Uchungu alioubana tangu hospitali ulimjia wote kwa mpigo, akainama, mikono magotini, watu wa kituoni wanamtazama.

Nyumba iliyojaa waombolezaji haiwezi kungoja daima. Baada ya muda Clovis alisafisha koo, akatoa mstari. Hakuutoa vizuri. Lakini ndani waliuitikia, wakauvuta, viti na sakafu na madirisha vikaimba.

Deshorn akajiinua, akapangusa uso kwa kofia. Clovis alipotoa wa pili, aliuitikia pamoja nao kutoka ng'ambo, kwa sauti ndogo iliyokuwa imemrudia. Nyumbani kwa bibi yake hakuna aliyemsikia.